Maswali ya Wasomaji: Kusomea Uhandisi Katika Chuo Kikuu cha Kikristo cha Sanaa Huria

Safu ya mwezi huu tumeitoa yote kwa suala moja, kwa kuwa barua nyingi zilizotufikia zinalizunguka hilo hilo kutoka pande mbalimbali: kijana anayetaka kuwa mhandisi, na chuo kikuu cha Kikristo kinachomtaka asome pia falsafa, historia, fasihi na Biblia kabla ya kumtunuku shahada. Vyuo vya namna hiyo, vinavyoitwa vya sanaa huria, vimeenea zaidi Marekani, na wote waliotuandikia wanazungumzia vyuo vya huko. Majibu yetu kwa hiyo yanafuata taratibu za Marekani. Barua zenyewe tumezifupisha.

Ndugu Mhariri, kijana wangu amekubaliwa na vyuo vikuu viwili vya Marekani kusomea uhandisi wa mitambo. Kimoja ni chuo kikubwa cha serikali ya jimbo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi. Kingine ni chuo cha Kikristo ambacho kizima hakifikishi wanafunzi elfu nne. Yeye anakitaka hicho kidogo. Nahofia atatoka huko akiwa nusu mchungaji, nusu mhandisi. Je, shahada yake itatambulika? – Mzazi

Mzazi mwenzetu, wasiwasi wako una haki, ila umeuelekeza pasipo penyewe. Ukubwa wa chuo na jina la dhehebu lililokianzisha havikuambii lolote kuhusu uzito wa shahada ya uhandisi. Kinachokuambia ni ithibati ya programu yenyewe. Nchini Marekani ithibati hiyo hutolewa na ABET, taasisi iliyoanza mwaka 1932 kwa jina jingine, ambayo wakaguzi wake huipima programu moja moja wala si chuo kizima. Hapo ndipo wazazi wengi wanapojikwaa, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na ithibati ya jumla, kikajitangaza kwa haki kabisa kuwa kimeidhinishwa, na bado programu yake ya uhandisi ikawa haijapita mikononi mwa ABET. Orodha ya programu zenye ithibati iko wazi kwenye tovuti ya taasisi hiyo. Itafute wewe mwenyewe, usitegemee kipeperushi cha chuo.

Masharti ya ABET hayabadiliki kwa kuwa chuo ni kidogo au cha kidini. Shahada ya kwanza ya uhandisi inatakiwa iwe na angalau krediti 30 (vipimo vya ukubwa wa masomo kwa muhula) za hisabati na sayansi za msingi, na angalau krediti 45 za masomo ya uhandisi, pamoja na mradi mkubwa wa usanifu unaohitimisha masomo na sehemu ya elimu pana inayokamilisha ile ya kiufundi. Ukikuta programu ya chuo kile kidogo imo katika orodha, basi kijana wako atasoma themodinamiki ile ile, mekanika ya majimaji ile ile na milinganyo ile ile anayosoma mwenzake wa chuo kikubwa, na hofu ya mhandisi nusu haina tena mahali pa kusimama. Ukikuta haimo, uliza kwa nini. Programu mpya haiwezi kupewa ithibati kabla haijatoa angalau mhitimu mmoja, kwa hiyo kundi la kwanza daima husoma kwa kutegemea ahadi. Ahadi hiyo inaweza kutimia, lakini mimi nisingemshauri kijana wa mtu awe katika kundi hilo iwapo ana nafasi nyingine mkononi.

Kuna jambo la pili ambalo vipeperushi hulipitia haraka. Vyuo vingi vidogo havitoi shahada ya uhandisi wa mitambo kwa jina hilo, bali hutoa shahada moja ya uhandisi, na ndani yake mwanafunzi huchagua mkazo: mitambo, umeme, ujenzi, kemikali. Calvin, iliyoko Grand Rapids katika jimbo la Michigan, na Dordt, iliyoko Sioux Center katika jimbo la Iowa, zote mbili za mapokeo ya Kireformati, yaani ya Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya John Calvin, zimejengwa hivyo. Grove City College ya Pennsylvania, kwa upande mwingine, ina shahada ya mitambo na ya umeme, kila moja kwa jina lake. Waajiri wengi wa Marekani wameuzoea mfumo wa shahada moja na hausumbui. Anayekusudia kufanya kazi katika nchi ambayo bodi yake ya wahandisi husajili kwa kufuata jina la tawi lililoandikwa kwenye cheti, huyo lazima aiulize bodi hiyo kwa maandishi kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza, na alitunze jibu.

Kuhusu kutambulika nje ya Marekani, upo mkataba unaoitwa Washington Accord, uliotiwa saini mwaka 1989 na mashirika ya nchi sita zikiwemo Marekani, Uingereza, Kanada na Australia, na baadaye nchi nyingine nyingi zikajiunga. Wanachama hukubaliana kwamba programu iliyopewa ithibati na mmoja wao inalingana kwa msingi na za wengine. Kwa shahada ya ABET huo ni msaada mkubwa, ijapokuwa hauondoi mitihani wala usajili wa nchi mhusika.

Mwishowe uamuzi wenyewe. Kama kijana wako tayari anajua kwamba anataka ndege, nyuklia, madini au mafuta, mpeleke chuo kikubwa chenye idara hizo, maana vyuo vidogo vya sanaa huria kwa kawaida havina. Kama anataka mitambo kwa jumla, na anapenda mwalimu anayemjua kwa jina, uchaguzi wake si wa kipuuzi hata kidogo.

Mshauri, mimi niko mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme katika chuo cha Kikristo. Muhula huu nina saketi, milinganyo tofautishi na fizikia yenye maabara, na juu yake Agano la Kale na historia ya falsafa. Wenzangu wa vyuo vingine wanamaliza ripoti zao za maabara wakati mimi naandika insha kuhusu Augustino, yule mwanatheolojia wa kale wa Kanisa. Dini siikatai, mimi mwenyewe ni Mkristo. Ninachouliza ni kwamba masomo haya yananisaidia nini, au ni ushuru tu ninaolipa kwa kukaa hapa? – Mwanafunzi aliyechoka

Kijana wetu, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, tuanze na hesabu. Chukua shahada ya krediti 128. Toa zile 30 za hisabati na sayansi na zile 45 za uhandisi ambazo ABET inaziweka kama kiwango cha chini, zinabaki 53. Programu nyingi huzidisha kiwango hicho, kwa hiyo sehemu ya hizo 53 nayo huliwa na uhandisi. Kinachosalia ndicho kila chuo hukigawa kwa namna yake, na hata chuo cha serikali kisicho na dini kitamtaka mhandisi asome uandishi, uchumi, historia au sayansi ya jamii. Tofauti halisi kati yako na wenzako hao ni masomo kadhaa, wala si mwaka mzima. Yanauma kwa sababu yameangukia muhula mmoja na maabara mbili, na hilo nitalirudia.

Sasa swali lako lenyewe. Jibu ambalo wakuu wa vyuo hupenda kulitoa ni kwamba elimu pana humfanya mtu awe mkamilifu. Jibu hilo silipendi, kwa sababu linaweza kusemwa juu ya somo lolote lile. Afadhali tuangalie chuma kilichokatika.

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, jimbo la Missouri, madaraja mawili ya ndani ya kupitia watu yalianguka juu ya umati uliokuwa ukumbini. Watu 114 walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Daraja la ghorofa ya pili lilikuwa limening'inizwa chini ya lile la ghorofa ya nne. Katika mchoro wa awali, nondo ndefu zilishuka kutoka darini, zikapenya boriti za daraja la juu, kisha zikaendelea hadi daraja la chini, na kila daraja lilikaa juu ya nati zake lenyewe kwenye nondo ile ile. Wakati wa utengenezaji, nondo hiyo moja ndefu ilibadilishwa ikawa mbili fupi: moja kutoka darini hadi daraja la juu, nyingine kutoka daraja la juu hadi la chini. Kwenye karatasi badiliko hilo linaonekana dogo, na linarahisisha kazi ya kufunga. Chora nguvu zake, hata hivyo, uone. Katika mpango wa kwanza, nati iliyo chini ya boriti ya juu inabeba daraja moja. Katika mpango wa pili, nati hiyo hiyo inabeba daraja lake pamoja na lile lililoning'inia chini yake. Mzigo umekuwa maradufu. Wachunguzi waligundua pia kwamba hata mpango wa kwanza ungeweza kubeba takriban asilimia 60 tu ya kiwango kilichotakiwa na kanuni za ujenzi za jiji.

Mchoro huo wa nguvu ungeweza kuuchora wewe, leo, kwa ulichojifunza mwaka wa kwanza. Hisabati yake ni ya nusu ukurasa. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyejiona kuwa ndiye anayewajibika kuikokotoa: michoro ilipita kutoka mkono hadi mkono, ikagongwa muhuri wa mhandisi, na badiliko likafika kwenye jengo bila hesabu mpya. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni zao. Wala sisemi kwamba kama wangesoma Augustino watu wale wangepona. Huo ungekuwa uongo wa kujifurahisha. Ninachosema ni kwamba kosa lilikaa mahali ambapo mlinganyo haufiki: katika kusoma kwa makini kilichoandikwa na mwingine, katika kuandika kwa namna ambayo mwingine hawezi kuielewa vibaya, katika kuuliza swali linaloudhi wakati kazi inakimbizwa, na katika kujua kwamba muhuri wako ni neno lako la heshima kwa watu usiowajua. Mambo hayo hufunzwa pole pole, na darasa la falsafa linaloendeshwa vizuri, ambamo hoja yako inavunjwa mbele ya wenzako na unatakiwa kuijenga upya au kuiacha, ni mahali pazuri pa kuyafunzia. ABET yenyewe inajua hilo. Katika matokeo saba ambayo kila mhitimu anatakiwa kuyaonyesha, manne yanahusu kuwasiliana na watu wa aina mbalimbali, kutambua wajibu wa kimaadili, kufanya kazi na timu, na kujifunza mambo mapya peke yake baada ya kuhitimu.

Hapo, hata hivyo, nakupa upande wako. Yote niliyosema yanategemea sharti moja, nalo ni kwamba masomo hayo yafundishwe kwa uzito ule ule unaofundishiwa saketi. Pale ambapo somo la Biblia ni darasa la watu mia mbili wanaojaza majibu ya kuchagua, au pale ambapo mwalimu wa falsafa anawapa wahandisi alama za huruma ili wasimsumbue, basi uliloita ushuru ni ushuru kweli, na chuo kinastahili kuambiwa hivyo na wanafunzi wake. Chuo ambacho kimejenga daraja kati ya pande mbili utakitambua kwa ishara ndogo: mhadhiri wa uhandisi anayekuuliza umeandika nini katika insha yako, au ripoti ya mradi inayorudishwa kwa sababu sentensi zake hazieleweki, si kwa sababu jibu limekosewa.

Halafu hiyo ratiba. Masomo ya uhandisi hufuatana kwa mnyororo, na ukikosa kiungo kimoja unasubiri mwaka mzima, hasa katika chuo kidogo ambacho somo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Masomo ya elimu pana hayana mnyororo huo. Kaa na mshauri wako wa masomo, muiweke mihula yote iliyobaki mezani, kisha uyahamishie masomo ya insha kwenye mihula yenye maabara moja au isiyo na maabara. Vyuo kadhaa vya aina hii vina muhula mfupi wa Januari ambao mwanafunzi husoma somo moja tu kwa wiki tatu au nne. Mpeleke huko Augustino, mtaelewana zaidi. Na kwa taarifa yako, katika zile sanaa saba za kale ambazo vyuo hivi hujivunia, yaani sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jometri, muziki na elimu ya nyota, nne za mwisho zote zilihesabiwa kuwa elimu za namba. Mhandisi hakuja huko kama mgeni.

Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni binti wa Kiislamu na nimevutiwa na programu ya uhandisi wa ujenzi ya chuo kimoja cha Kikristo. Je, wananipokea? Na nikipokewa, nitalazimishwa ibada? – Msomaji

Waaleikum salaam, dada yetu. Inategemea chuo, na vyuo vinatofautiana sana. Vipo vinavyomtaka kila mwanafunzi akiri imani ya Kikristo tangu anapoomba nafasi. Huko usipoteze muda. Vipo vinavyowataka wahadhiri tu waafiki imani hiyo, huku wanafunzi wakipokewa bila kuulizwa. Calvin ni mfano wa namna hiyo ya pili. Vyuo vya Kikatoliki navyo kwa kawaida hupokea watu wa imani zote: Notre Dame ya Indiana, ambayo imefundisha uhandisi tangu mwaka 1873, humtaka kila mwanafunzi asome theolojia na falsafa lakini haimtaki awe Mkatoliki.

Soma nyaraka mbili kabla ya kuomba. Ya kwanza ni tamko la imani, uone linamhusu nani. Ya pili ni ahadi ya mwenendo, ambayo mwanafunzi huitia saini na ambayo hugusa pombe, uhusiano wa kimapenzi na saa za wageni mabwenini, wakati mwingine hata nje ya chuo na siku za likizo. Wasichana wengi wa Kiislamu wataona vifungu hivyo havina uzito kwao, pengine hata wavifurahie. Suala la ibada ni tofauti. Penye ibada ya lazima, mahudhurio huhesabiwa kila muhula na anayekosa hupewa adhabu. Kukaa kimya mle ndani kwa kawaida kunatosha, lakini kukaa huko ni lazima. Andikia ofisi ya masuala ya kiroho uulize mambo matatu: kama kuna msamaha kwa asiye Mkristo, kama kuna mahali pa kuswalia, na kama kwa sasa kuna wanafunzi Waislamu ambao unaweza kuzungumza nao. Jibu la swali la tatu litakufaa kuliko yale mawili. Insha za theolojia zisikutishe, kwa kuwa katika chuo makini hupimwa hoja na usomaji wako, si imani yako.

Mshauri, chuo ninachokipenda hakina uhandisi kamili. Wananiambia nisome kwao miaka mitatu, kisha nimalizie miwili katika chuo kingine cha uhandisi, nipate shahada mbili. Ni mpango mzuri? – Mwenye mashaka

Ni mpango wa kweli na wa muda mrefu. Chuo kama Wheaton, karibu na Chicago, kimewapeleka wanafunzi wake kwenye vyuo vya uhandisi kwa njia hiyo, na wanaofika tamati hutoka na shahada ya sanaa au sayansi kutoka kwa chuo cha kwanza na ya uhandisi kutoka kwa cha pili. Kwa anayependa kwa dhati fizikia pamoja na fasihi, sijui njia bora zaidi.

Lakini ugumu wake uko katika mwaka wa nne. Wakati huo marafiki uliosoma nao wanaingia mwaka wao wa mwisho, wewe unafungasha kwenda mahali ambapo hujulikani, ambapo wenzako wapya wamekwisha kuunda makundi ya miradi, na ambapo masomo ya mwaka wa tatu yanakusubiri kwa wingi wake wote. Si wachache wanaoghairi na kumalizia shahada ya fizikia pale pale walipo. Msaada wa ada wa chuo cha kwanza haukufuati kwenye cha pili. Na mkataba kati ya vyuo hivyo si lazima uwe hakikisho la nafasi: mingine hukupa nafasi ukifikisha wastani fulani wa alama, mingine hukupa tu ruhusa ya kuomba pamoja na wengine. Uliza ni upi kati ya hiyo miwili, kisha uliza ni wanafunzi wangapi waliohama kweli katika miaka mitano iliyopita. Ofisi ikikujibu kwa jina la mhitimu mmoja tu maarufu badala ya idadi, umeshajibiwa.

Je, ni kweli kwamba sayansi inafundishwa kivingine katika vyuo hivi? – Msomaji wa siku nyingi

Katika uhandisi wenyewe, hapana. Sheria ya Ohm, ile ya mkondo wa umeme, haina dhehebu. Tofauti za mafundisho hujitokeza zaidi katika biolojia na jiolojia, ambako vyuo vya Kikristo vyenyewe havikubaliani kuhusu umri wa dunia na mabadiliko ya viumbe. Anayesomea ujenzi, ambaye atahitaji jiolojia kwa ajili ya misingi ya majengo na mabwawa, ana haki ya kuomba aone kitabu kinachotumika.

Imani huonekana zaidi katika kuchagua ni nini kijengwe na kwa ajili ya nani. George Fox, chuo cha asili ya Waquaker (dhehebu la Kikristo) huko Newberg katika jimbo la Oregon, kina somo ambalo wanafunzi wa uhandisi hutumia ujuzi wao kuwabunia watu wenye uhitaji vifaa na suluhisho, na Messiah ya Pennsylvania ina kituo kinachounganisha wanafunzi na mashirika yanayofanya kazi za maji, nishati na ulemavu. Naiheshimu kazi hiyo. Hata hivyo miradi ya namna hii ina maradhi yake yanayofahamika: muhula unaisha, wanafunzi wanapiga picha mbele ya pampu, wanarudi, na pampu ikifa hakuna mwenye vipuri wala simu ya kumpigia. Kijana anayevutwa na chuo kwa sababu ya miradi ya huruma aulize ni nani anayeitunza kazi hiyo mwaka wa tatu baada ya picha.

Nataka baadaye kuendelea na shahada ya uzamili, na kabla ya hapo nipate uzoefu wa kazi Marekani. Chuo kidogo hakitanifungia milango? – Mwanafunzi mtarajiwa

Uzamili hautakuwa tatizo kubwa ikiwa alama zako za hisabati ni nzuri. Katika chuo kisicho na wanafunzi wa uzamivu, kipimio cha maabara hakishikwi na mtu mwingine ila wewe, na barua ya mapendekezo huandikwa na mwalimu aliyekuona ukikosea na kusahihisha, badala ya yule anayekujua kwa namba ya usajili. Upungufu ni wa vifaa vikubwa na wa utafiti unaoendelea. Wamarekani huuziba kwa kwenda wakati wa kiangazi kwenye utafiti unaofadhiliwa na taasisi ya taifa ya sayansi, lakini nafasi hizo kwa sehemu kubwa ni za raia na wakazi wa kudumu. Ukiwa mgeni, tafuta mhadhiri wa chuo chako mwenye fedha za kiangazi, na umwendee mapema, kabla ya Krismasi.

Kuhusu kazi, mwenye viza ya masomo ya F-1 anaweza, kwa utaratibu uliopo, kuomba miezi 12 ya mafunzo ya kazi baada ya kuhitimu, na kwa kuwa uhandisi umo katika fani zinazostahili, miezi 24 zaidi juu yake, mradi mwajiri ametimiza masharti. Kanuni hizi hubadilishwa, kwa hiyo zihakiki katika ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kila mwaka. Udhaifu wa chuo kidogo ni kwamba kampuni kubwa hazitumi watu kuja kusaili wahitimu ishirini. Hukimbilia penye elfu. Huku waajiri ni wale wa eneo la karibu pamoja na wahitimu wa zamani, ambao uaminifu wao kwa chuo unaweza kukushangaza. Kampuni za silaha na anga mara nyingi huajiri raia tu, na hapo hakuna chuo kitakachokusaidia.

Anayelenga leseni afanye mtihani wa misingi ya uhandisi, wenye maswali 110, katika mwaka wake wa mwisho, wakati kalkulasi bado ni mbichi kichwani. Leseni yenyewe hudai pia mtihani wa pili wa utaalamu na, kwa kawaida, uzoefu wa miaka ipatayo minne. Kwa mhandisi wa ujenzi leseni hiyo ni riziki; wengi wa umeme na mitambo walioajiriwa viwandani hufanya kazi maisha yao yote bila hiyo.

Tumealikwa kutembelea chuo kwa siku moja. Tuulize nini? – Baba na binti yake

Ndugu zetu, mtaonyeshwa ukumbi wa ibada, maktaba na bwalo la chakula. Shukuruni, kisha ombeni mambo mengine. Ombeni ratiba ya miaka minne iliyochapwa, yenye kila somo katika muhula wake, na ulizeni ni somo lipi linalowaangusha wengi na nini hutokea kwa aliyeanguka. Ombeni kusoma ripoti moja ya mradi wa mwaka wa mwisho, nzima, si bango lake. Ulizeni idara ya umeme ina wahadhiri wangapi wa kudumu. Wakiwa wawili na mmoja akaenda likizo ya utafiti, nani atafundisha? Binti aulize kuna wasichana wangapi katika mwaka wa tatu, maana wale wa mwaka wa kwanza hawajapita kwenye chujio.

Mwisho, ingieni karakana bila mwongozaji ikiwezekana, na waulizeni wanafunzi mnaowakuta inafungwa saa ngapi, nani ana ufunguo usiku, na siku gani haifunguliwi kabisa. Vyuo vya Waadventista Wasabato, kama Walla Walla ya jimbo la Washington ambayo ina shule ya uhandisi, husitisha kazi na masomo tangu machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi, na vyuo vingine hufunga majengo Jumapili. Kwa familia inayoiheshimu siku hiyo ni neema tupu. Kwa yule ambaye ripoti yake ya maabara inatakiwa Jumatatu asubuhi, ni jambo la kulijua kabla ya kujaza fomu.